Je, fundi mkubwa wa jazi anaweza kufichika?

Wapenzi wengi wa jazi huamini kwamba kizuri chajiuza: kama mtu alipiga kweli, jina lake lingetufikia. Kuna na kundi la pili, wapenda simanzi, wanaoapa kwamba kuna mpuliza saksafoni aliyempita Charlie Parker, akafa bila kusikika na mtu. Kazi yangu ni kuandika noti za solo, yaani zile sehemu mpigaji anapobuni peke yake, kutoka kwenye rekodi za zamani na kuzifundisha. Nionavyo mimi makundi yote mawili yamepotea, ila hilo la pili limepotea zaidi.

Hajulikani na nani? Hapo ndipo pa kuanzia. Ukijifungia chumbani na ngazi zako za noti miaka kumi utapata vidole vyepesi. Lakini kumfuata mpiga besi anapokunja kona katikati ya wimbo, kumjibu mpiga dramu kabla hajamaliza alichoanza, kujua wakati wa kunyamaza, hayo hupatikana jukwaani, usiku baada ya usiku, ukiwa na watu wanaokuzidi. Ndiyo maana fundi wa jazi lazima awe na mashahidi, na wanamuziki hawana siri: kijana anayetisha husifiwa ndani ya basi la bendi kabla gazeti lolote halijamsikia.

Mtazame Buddy Bolden. Alipuliza koneti, ndugu ya tarumbeta, New Orleans mwanzoni mwa karne ya 20, akalazwa hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1907, na humo ndimo alimofia mwaka 1931. Santuri ya kwanza ya jazi ilitoka 1917. Hatuna hata sekunde moja ya sauti yake, na bado jina lake tunalo, kwa sababu waliomsikia hawakuchoka kumtaja.

Kujulikana na umma ni habari nyingine, na huko ustadi una sauti ndogo. Mlango ulikuwa santuri, na santuri ilikuwa na wenyewe. Tina Brooks, mpuliza saksafoni ya tena, aliongoza vipindi vinne vya kurekodi kwa kampuni ya Blue Note kati ya 1958 na 1961. Kimoja tu, True Blue, kilitoka yeye akiwa hai. Hasaan Ibn Ali, mpiga piano wa Philadelphia, alisikika kwenye albamu moja iliyotoka 1965 kwa jina la mpiga dramu Max Roach. Mwaka huohuo alirekodi nyingine ya kwake, kampuni ikaifungia, kisha ghala la kanda likaungua 1978. Nakala iliyosalimika ilitolewa 2021. Hasaan alifariki 1980.

Tena kulikuwa na polisi. Hadi 1967, mwanamuziki hakuruhusiwa kupiga kwenye klabu za pombe za New York bila kadi iliyotolewa na polisi, na kadi hiyo ilinyang'anywa kirahisi. Mpiga piano Thelonious Monk alinyang'anywa yake 1951 akarudishiwa 1957. Ni baada ya hapo ndipo watu walipopanga foleni kumsikiliza akiwa na mpuliza saksafoni John Coltrane. Ucheleweshe urudisho huo miaka mingine sita, na sijui kama leo tungekuwa tunamwita Monk nguzo.

Nimemtaja Monk ili nifike kwa Herbie Nichols, mpiga piano na mtunzi, maana huyu ndiye anayeninyima usingizi. Alizaliwa New York mwaka 1919, mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya Monk. Blue Note walimrekodi 1955 na 1956 akiwa na besi na dramu tu, dramu zikipigwa na Art Blakey au Max Roach, na karibu kila wimbo alioupiga aliutunga mwenyewe. Mwimbaji Billie Holiday aliutia maneno mmoja wa nyimbo zake, ukawa Lady Sings the Blues. Wimbo ukatembea dunia, mtunzi akabaki pale pale. Ili ale, alipiga Dixieland, jazi ya mtindo wa kizamani, katika bendi za wengine, mtindo uliokuwa mbali kabisa na kilichomo kichwani mwake. Saratani ya damu ilimuua 1963, akiwa na miaka 44.

Kaa na noti zake uone. Umbo la nyimbo zake mara nyingi linakataa vile vipimo 32 vya kawaida vya wimbo wa jazi. Anaacha nafasi zilizopimwa ili dramu zijibu, na jibu hilo si pambo, ni sehemu ya utungo wenyewe; ukiliondoa, wimbo unachechemea. Ni muziki ulioandikwa kwa bendi. Lakini katika rekodi zote alizoziongoza hakuna tarumbeta wala saksafoni. Tungo hizo zilikuja kupewa pumzi na wengine: Roswell Rudd, mpuliza tromboni aliyemjua, mpiga piano Misha Mengelberg huko Uholanzi, kisha kikundi cha Herbie Nichols Project miaka ya 1990.

Wanaomlilia Nichols hulilia sifa alizokosa. Mimi nalilia bendi. Kama angepata watu walewale watano kwa miaka mitano, wakipiga nyimbo zake kila wiki, angetunga nini baada ya hapo? Ufundi wake ulikatizwa ukiwa bado unakua.

Mlinganishe na Von Freeman, mpuliza saksafoni wa Chicago. Albamu yake ya kwanza kama kiongozi ilitoka 1972, akikaribia miaka 50. Nje ya mji wake wachache walimjua. Lakini alikuwa na jukwaa, na vijana walipanda pale kupimwa naye, kwa hiyo hakuacha kukua. Alipotuzwa kuwa NEA Jazz Master, heshima ya kitaifa ya jazi Marekani, mwaka 2012, mwaka aliofariki, wanamuziki walikuwa wamemtambua zamani. Kutojulikana kwa namna hii kunaumiza mfuko kuliko muziki.

Siku hizi mlango wa santuri umevunjwa. Yeyote anarekodi na kuweka kazi yake mtandaoni usiku huohuo. Majukwaa ya kila wiki, nayo, ni adimu. Kwa hiyo mwanafunzi akiniletea video ya solo yake, hata iwe kali namna gani, kwanza namuuliza anapiga na nani.