RAID 0 ni kitu gani, na ile sifuri ya nini

Juzi kijana mmoja hapa mtaani kwetu Mwanakwerekwe kanijia na hadi diski (hard disk, kile kifaa cha kuwekea mafaili ndani ya kompyuta) mbili mkononi, kazitoa kwenye kompyuta za mtumba, ananambia kaka nimesikia ukiziunga hizi kompyuta inakwenda mbio mara mbili, nisaidie. Nikamwambia ni kweli inaongeza spidi, lakini kaa kitako kwanza nikwambie unachokitaka, jina lake RAID 0, ni kitu gani. Na nlomwambia yeye ndo haya nawaandikia nanyi, mana naona wengi wanauliza.

Nyote mshakwenda khitma. Msahafu una juzuu 30, mtu mmoja akiusoma peke yake tangu mwanzo mpaka mwisho ni kutwa nzima na haitoshi, lakini pale msikitini juzuu zinagaiwa, huyu moja yule moja, kila mtu anainamia yake na wote wanasoma kwa wakati mmoja, ukijageuka msahafu mzima ushasomwa na masinia yanaingia. Basi RAID 0 ndo hiyo. Wasomaji ni hadi diski, na faili ukiliweka halikai lote kwenye diski moja, linakatwa vipande vidogo vidogo, mara nyingi kilobaiti 64 au 128 kila kimoja, cha kwanza kinakwenda diski hii, cha pili diski ile, cha tatu kinarudi kwenye ya mwanzo, kama mtu anagawa karata. Wewe huoni chochote katika hayo, Windows inakuonesha diski moja tu kubwa.

Tupige hesabu. Hadi diski ya kawaida inayozunguka mara 7200 kwa dakika inasoma kama megabaiti 150 kwa sekunde hivi. Una video ya arusi ya gigabaiti 30, diski moja itaisoma kwa sekunde 200, yani dakika tatu na kitu. Mbili zikisoma pamoja ni sekunde 100. Kwa mtu anoediti video kutwa nzima hiyo si tofauti ndogo.

Lakini hapa ndo watu wanapokosea. Ile mara mbili ni kwa faili kubwa linalosomwa mfululizo. Ukitaka aya moja tu, kuwaita watu 30 hakukusaidii kitu, yule mwenye juzuu yenye aya hiyo atafungua kurasa zake na kuitafuta kwa mwendo wake ule ule. Hadi diski ina sahani inozunguka na kichwa kinochopita juu yake, na kwa mizunguko 7200 mzunguko mmoja tu unachukua milisekunde 8 na kitu, kusubiri huko hakupungui hata ukiunga diski kumi. Na Windows ikiwaka, au ukifungua programu, kazi kubwa ni hiyo hiyo ya kuokota vifaili vidogo vidogo huku na kule. Kwahivyo anaetarajia kompyuta itawaka kwa nusu ya muda atavunjika moyo.

Sasa sifuri. Jina RAID limetoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1988, David Patterson na wenzake wawili, Garth Gibson na Randy Katz, waliandika kwamba badala ya kununua diski moja kubwa ya ghali chukua nyingi za rahisi uzifanye kundi, na ziwe na akiba ndani yake ili moja ikifa data isipotee. Wao walitaja aina 1 mpaka 5. Hii ya 0 imeongezwa baadae, na sifuri maana yake ni akiba sifuri, hamna kitu! Yani imechukua jina la ukoo bila ya tabia ya ukoo. RAID 1 kwa mfano inaandika kitu kile kile kwenye diski zote mbili, moja ikifa nyengine ipo, ila nafasi unapata ya diski moja tu.

Kwenye RAID 0 juzuu moja ikipotea khitma haikutimia. Tena mbaya zaidi, mana juzuu 29 zilobaki angalau zinasomeka, lakini faili lililokatwa kila kilobaiti 64 na nusu ya vipande hakuna, hilo halifunguki. Na tuseme kila diski ina nafasi 5 kwa 100 ya kufa mwaka huu, ukiunga mbili inakuwa karibu 10, kwani yoyote itakayotangulia inaondoka na mwenzake.

Mimi yamenikuta. Niliunga mbili za gigabaiti 500, zote za mtumba, nikafurahia spidi kama miezi minne, siku moja usiku nasikia tik, tik, tik, kichwa kinagonga, kompyuta ikaganda. Ndani yake mlikuwa na video ya arusi ya mtoto wa shangi na bekapu sina. Diski ya pili nzima kabisa mpaka leo, na haina faida hata chembe. Shangi mpaka Idi ananikumbusha.

Na kuna jambo jengine, SSD (diski ya chipu tupu) moja ya SATA, yani inochomekwa kwa waya ule ule wa hadi diski, inasoma kama megabaiti 500 kwa sekunde, ile video ya gigabaiti 30 ni dakika moja, na kwa sababu haina sahani wala kichwa, kuokota vifaili vidogo ndo kazi yake hasa. Zile za NVMe, SSD za aina ya mbio zaidi, zinapita 3000. Kwahivyo kuunga hadi diski mbili za zamani kwa ajili ya spidi, kwa maoni yangu wakati wake ushapita, labda uwe unazo tu na unataka sehemu ya kuwekea kazi za muda ambazo asili yake ipo pahala pengine.

Bado mtu anataka? Haya, kwenye Linux ni programu ya mdadm, kwenye Windows ni sehemu yake inoitwa Storage Spaces, na hamisha kila kitu mwanzo kwani kuunga kunafuta diski zote. Zikiwa hazilingani, kwenye Storage Spaces kwa kawaida kubwa inahesabiwa kama ndogo, gigabaiti 1000 na 500 unapata 1000 jumla, si 1500, mdadm yenyewe inaitumia na nafasi ilobaki. Na weka UPS, lile betri linoshikilia kompyuta umeme ukikatika, umeme wetu mnaujua.

Yule kijana nilizipima diski zake, moja ishaanza kuonesha sehemu mbovu. Kaondoka nayo hivyo hivyo, kasema ataifungua atoe sumaku.