Tabo si taabu, wala supachaja si bure: yanayosemwa na yaliyo kweli kuhusu kuongeza nguvu kwenye Mazda MX-5 ya zamani

Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, ile yenye taa zinazochomoza na kuzama kama macho ya chura, ilionyeshwa Chicago Februari 1989. Japani iliuzwa kwa jina la Eunos Roadster, usukani kulia kama wetu. Haifiki tani moja, na injini yake ya kwanza ya lita 1.6 ilitoa nguvu ya farasi wapatao 115. Baadaye ikaja ya 1.8, farasi kama 130. Kwenye kona gari hili ni raha tupu. Lipandishe mlima na mwenzako pembeni, utalisikia linavyotweta. Basi mwenye nalo huanza kuuliza vijiweni: nifunge tabo au supachaja?

Zote mbili ni pampu za kusukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda, ili mafuta mengi zaidi yaungue. Tabo huzungushwa na moshi unaotoka injini, supachaja huzungushwa na mkanda kutoka puli ya krenki, ule mhimili mkuu wa injini. Hadi hapo watu wote wanakubaliana. Baada ya hapo ndipo kila mtu huwa profesa.

“Tabo ni nguvu ya bure, supachaja inaiba”

Nusu ya kwanza si kweli na nusu ya pili imetiwa chumvi. Supachaja hula nguvu ya krenki, hilo halina ubishi. Kwa injini ya 1.6 yenye presha ya kiasi, ukipiga hesabu ya hewa inayosukumwa na joto inalopata, unapata farasi kumi hadi kumi na tano wanaoliwa na mkanda kwenye mizunguko ya juu. Injini inawazalisha na wewe huwaoni barabarani, ingawa faida unayobaki nayo ni kubwa kuliko hao walioliwa.

Tabo nayo ina bei yake, ila inalipiwa kwa mlango wa nyuma. Gurudumu lake limekaa katikati ya njia ya moshi, kwa hiyo pistoni inapopanda kutoa moshi inasukuma dhidi ya kizuizi. Tofauti ni kwamba sehemu kubwa ya nishati inayotumika ni joto na kasi ya moshi ambavyo vingepotelea hewani. Ndiyo maana kwa presha ileile tabo huacha nguvu nyingi zaidi magurudumuni na hula mafuta kwa adabu zaidi. Ni nafuu, lakini si bure.

“Supachaja huvuta tangu chini, tabo husinzia”

Hapa kosa ni kuzisema supachaja kama vile ni kitu kimoja.

Kuna zile za Roots, zenye rota mbili zinazoviringishana, kama Eaton M45 iliyofungwa kwenye seti nyingi za zamani za MX-5. Hizo kweli huitikia mara tu unapokanyaga. Kila mzunguko husukuma kiasi kilekile cha hewa, hivyo hata ukiwa mizunguko 2,000 kwa dakika presha ipo. Gari linakuwa kama limeongezewa ukubwa wa injini, tabia yake haibadiliki.

Halafu kuna za pangaboi, kama Rotrex. Ukiifungua ndani ni nusu ya tabo: gurudumu la kusukuma hewa ni lilelile, ila badala ya moshi kuna mkanda na mtambo wa kuongeza kasi. Presha ya mashine ya namna hii hupanda kwa kipeo cha pili cha kasi, maana yake ukiwa nusu ya mizunguko unapata kama robo tu ya presha. Mtu ananunua supachaja ya pangaboi akikimbia uvivu wa tabo, kisha anashangaa kwamba chini ya mizunguko 4,000 gari ni lilelile la jana. Hakudanganywa na mashine. Alidanganywa na jina.

Na tabo? Usingizi wake hutegemea ukubwa. Ndogo inayolingana na injini ya lita 1.6 au 1.8 huwa imeshaamka kabla ya mizunguko 3,000 au hapohapo. Kubwa, iliyonunuliwa kwa sababu rafiki alisema itafika farasi 300, itakuacha unangoja hadi kona imekwisha, kisha ikurushie nguvu yote kwa mkupuo. Wengi wanaolaani tabo kwa ujumla walipanda gari la mtu aliyechagua kwa tamaa.

“Psi 7 ni psi 7”

La. Saa ya presha inapima msukumo kwa psi, haipimi wingi wa hewa. Hewa ya Mombasa ya nyuzi 30 ukiibana mara moja na nusu hupanda hadi karibu nyuzi 67 hata kama mashine ingekuwa haina dosari yoyote. Tabo nzuri, yenye ufanisi wa asilimia 70 hivi, itaitoa kwenye nyuzi 80 na kitu. Roots ya zamani yenye ufanisi wa asilimia 55 itaitoa karibu na nyuzi 100. Presha ni ileile, lakini hewa ya moto imetawanyika, hivyo ndani ya silinda inaingia kidogo. Tena hewa moto huchochea injini kugonga, yaani mchanganyiko kulipuka ovyo ndani ya silinda.

Dawa ni intakula, ile rediata ya hewa mnayoijua kwenye Fuso. Seti nyingi za tabo huja nayo. Seti za zamani za Roots kwa gari hili mara nyingi zilikuja bila, zikategemea presha ndogo. Kwenye baridi ya Uingereza ungesamehewa. Kwenye foleni ya jua kali la pwani, mimi nisingefunga bila intakula.

“Huku mlimani mashine yoyote itafidia hewa nyepesi”

Hili ndilo ninalotaka tulitazame kwa utulivu, kwa sababu maelezo mengi ya seti hizi yameandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari, nasi tunayasoma tukiwa Nairobi, Arusha au Kigali.

Mombasa hewa inakandamiza kwa psi 14.7. Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu, inakandamiza kwa psi 12 hivi. Injini isiyosaidiwa inapoteza karibu asilimia 18 ya hewa yake, kwa hiyo farasi 115 wa kwenye karatasi wanabaki kama 95. Ndiyo sababu MX-5 inayosifiwa kwingine, huku inaonekana goigoi.

Sasa funga supachaja ambayo puli yake imepangwa kubana hewa mara moja na nusu. Mombasa inachukua 14.7 na kutoa 22. Saa inasoma psi 7 na ushei, yaani ile iliyozidi hewa ya nje. Ipandishe Nairobi, mkanda uleule, puli ileile: inachukua 12 na kutoa 18. Saa inasoma 6. Supachaja haijui iko wapi, yenyewe inazidisha tu kile ilichopewa. Kilichopotea ni asilimia ileile 18. Umeongeza nguvu, ndiyo, lakini mlima bado unakata fungu lake kama kawaida. Ukitaka kulirudisha, nunua puli ndogo zaidi, halafu ukumbuke kuibadilisha siku ya kushuka pwani, maana huko presha itapita ulivyopanga.

Tabo ina mlango mdogo unaopitisha moshi pembeni presha ikishafika. Mlango huo ukiongozwa na springi peke yake, hupima presha ya ndani dhidi ya hewa ya nje. Kwa hiyo springi ya psi 7.3 Nairobi itakupa 12 jumlisha 7.3, yaani 19.3. Ni afadhali kuliko 18, lakini bado haijafika 22. Yule anayesema tabo haijui mlima naye amekosea, labda awe na kompyuta inayoongoza mlango huo kwa presha kamili, isiyolinganishwa na hewa ya nje. Hapo tabo itazunguka kasi zaidi hadi ifike 22. Gharama yake ni kwamba hewa nyembamba sasa inabanwa mara 1.8 badala ya 1.5, joto linapanda, na tabo ndogo inaweza kupitishwa kasi yake salama. Fundi wa tyuni anapaswa kuambiwa gari litaishi wapi na litasafiri wapi. Gari lililotyuniwa Nairobi halafu likateremshwa hadi Diani bila mtu kuangalia mafuta na taimingi (wakati wa cheche) ni kamari.

Kwa mtu wa bara, basi, mimi naegemea tabo ndogo. Kwa mtu wa pwani anayependa gari liitikie kama lilivyozaliwa, Roots yenye intakula si uamuzi wa kuchekwa.

“Tabo huua injini, supachaja ni salama”

Wazee waliosimama kando ya barabara za Safari Rally miaka ya 1980 watakucheka. Toyota Celica Twin Cam Turbo ilishinda Safari mwaka 1984, 1985 na 1986, katika vumbi na matope yale yaliyovunja magari ya kila aina. Mwaka 1994 Ian Duncan, Mkenya, alishinda kwa Celica ya tabo. Lancia 037, iliyokuwa na supachaja, ilikuja pia na haikuwahi kushinda huku, ingawa kusema kweli sababu hazikuwa supachaja pekee. Kwa MX-5 yenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya BBR ya Uingereza ilitengeneza ya tabo yenye farasi 150, iliyouzwa kupitia wauzaji wa Mazda. Na mwaka 2004 Mazda wenyewe wakatoa Mazdaspeed ya tabo, farasi 178.

Kinachoua injini ni kugonga: mchanganyiko kulipuka kabla ya wakati wake kwa sababu mafuta ni machache, taimingi iko mbele mno, au joto limezidi. Pistoni haiulizi hewa ililetwa na moshi au na mkanda. Injini ya 1.6 ya gari hili ina udhaifu wake hapa: hupima hewa kwa kijimlango kinachosukumwa na upepo. Kikishafunguka chote, kompyuta ya kiwandani haina tena habari ya hewa inayozidi. Seti za kale zilidanganya kwa kupandisha presha ya mafuta kwa nguvu. Leo, kompyuta ya kujitegemea, nozeli kubwa na kipimo sahihi cha mchanganyiko kwenye ekzosi ndivyo vinavyolinda pistoni zako. Bajeti ikibana, punguza presha. Usipunguze hivyo vitatu.

Usalama wa supachaja nao una shimo lake, na wenye magari ya mwanzo walijue. Injini za 1.6 za 1989 hadi sehemu ya 1991 zina krenki yenye pua fupi, na kijifunguo kinachoshika puli hulegea na kula nafasi yake, hata bila supachaja. Angalia puli ya mbele: matundu manne maana yake ni krenki ya zamani, manane ni ile iliyoimarishwa. Kuning’iniza mkanda wa supachaja kwenye pua yenye tatizo hilo ni kumpandisha mgonjwa mzigo wa gunia. Hapo tabo, ambayo haiigusi krenki, ndiyo iliyo salama zaidi, kinyume kabisa na wanavyosema vijiweni.

Tabo ina yake pia: joto kali chini ya boneti, na oili. Inakunywa oili ya injini na kuirudisha kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, kwa kuteremka tu, hivyo sampu hutobolewa. Bomba la kurudisha likipinda au likiwa jembamba, oili hurudi nyuma na gari hutoa moshi wa bluu. Watu wakatupa tabo nzima, kumbe ni bomba. Supachaja nyingi zina oili yao wenyewe, na hilo limezaa uvumi kwamba hazina matengenezo. Oili hiyo nayo huchakaa.

Mengine, kwa haraka

“Seti ikisema imekamilika, imekamilika.” Haihesabu klachi itakayoanza kuteleza, wala difu ndogo ya magari ya 1.6, wala rediata yako yenye umri wa miaka thelathini.

“Ile sauti ya *pshhh* ni nguvu.” Ni hewa inayotupwa ukiachia mafuta.

“Lazima uache injini ikinguruma dakika tano kabla ya kuzima.” Tabo nyingi za sasa hupozwa kwa maji pia. Endesha taratibu dakika mbili tatu za mwisho, inatosha.

“Kuna feni ya umeme mtandaoni, bei chee, kazi ileile.” Injini ya 1.6 kwenye mizunguko 7,000 hufyonza hadi lita 93 za hewa kila sekunde. Feni ya kupozea kompyuta ya mezani haitaisukumia chochote, itaizuia.

“Gari la zamani lazima injini ishushwe kwanza”

Si lazima. Kwa presha ya psi 6 au 7, injini nzima hubeba mzigo huo bila kubadilishwa pistoni, kwani kiwandani iliundwa kwa mgandamizo wa 9.4 kwa 1 kwenye 1.6 na 9.0 kwa 1 kwenye 1.8, viwango visivyo vya juu. Lakini neno ni *nzima*. Kabla ya kuagiza hata boliti moja, toa plagi zote nne, kanyaga mafuta hadi chini, piga stata, na pima kompresheni ya kila silinda. Kinachotafutwa ni silinda nne zinazofanana. Moja ikiwa nyuma ya wenzake, tia oili kijiko kimoja ndani na upime tena: ikipanda, ringi zimechoka, isipopanda, tazama valvu au gasketi. Pesa ya tabo ianzie hapo.