Mowa ya Kukalia Inakohoa: Yanayosemwa Kando ya Mashine na Ukweli Wake

Mvua ya Aprili ikishika kati ya Nakuru na Kisumu, nyasi hazingoji mtu. Nyasi aina ya kikuyu iliyokauka Februari inafunika viatu kabla ya wiki mbili kwisha, na mowa za kukalia, mashine za kukata nyasi zinazoendeshwa dereva akiwa ameketi juu yake, zilizolala kwenye stoo za shule, makanisa, hoteli na viwanja vya gofu zinatolewa zote kwa mpigo. Ndipo simu za mafundi zinapoanza kulia: inawaka lakini inakohoa, inapanda na kushuka, inazima ikikutana na nyasi nzito. Fundi hajafika, na tayari kila aliyesimama pale ana jibu lake. Mengi ya majibu hayo ni ya gari na ya boda, yamebebwa mzimamzima hadi kwenye injini isiyo na rejeta, iliyoundwa kukimbia kwa kasi moja kutwa. Haya hapa ni yale yanayowala watu pesa.

"Injini imekwisha, inataka ringi"

Hili huwa la kwanza kusemwa, na ni nadra liwe kweli. Ringi (pete za pistoni) zilizokwisha hujionyesha zenyewe: moshi wa buluu usiokatika hata injini ikishapata moto, na oili inayopungua kwenye dipstiki wiki baada ya wiki bila kuvuja popote. Kama huoni hayo, usimruhusu mtu afungue injini.

Anza kwa kuuliza mtikisiko unakuja lini. Kaa kitini, washa, peleka kasi mpaka juu huku visu vikiwa havijaunganishwa, usikilize. Halafu unganisha visu. Kama injini ilikuwa tulivu na mashine ikaanza kutetemeka visu viliposhika, injini haina kosa. Kuna kisu kilichopinda kwa kugonga kisiki, beringi iliyolegea pale kisu kinapozungukia, au mkanda uliojikunja kwa kulala mkao mmoja miezi mitatu. Chomoa waya za plagi kabla hujaingiza mkono chini, kisha toa kisu ukitundike kwa tundu lake la katikati kwenye msumari ukutani. Upande unaoshuka ndio mzito; unolewe huo mpaka kisu kikae sawa. Kilichopinda hakinyooshwi kwa nyundo, kinanunuliwa kipya.

"Petroli ni petroli"

Hapa ndipo ugonjwa wenyewe unapokaa mara nyingi, na ndipo watu wanapopita haraka zaidi.

Petroli huzeeka. Watengenezaji wa injini ndogo huhesabu siku 30 hivi kabla haijaanza kuharibika ndani ya tangi. Sehemu yake nyepesi, ile inayoshika moto upesi, inapaa; inayobaki inaacha utando wa kahawia unaonata ndani ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Mashine iliyoegeshwa Januari na petroli nusu tangi inawashwa Aprili na kitu ambacho si petroli tena. Jeti ndogo ya kabureta, kipande kinachopitisha petroli, ina tundu jembamba sana, na utando kidogo tu unatosha kuliziba nusu.

Ikiziba nusu, injini haizimi. Inapanda na kushuka: vruum, inazama, vruum, inazama. Sababu ni kwamba petroli inayofika ni kidogo kuliko hewa, mwendo unashuka, gavana, kifaa kinachoshikilia kasi ya injini, inaona umeshuka inafungua koo la kabureta, mwendo unaruka juu, gavana inafunga tena. Watu husikia hivyo wakailaumu gavana, nayo inafanya kazi yake barabara. Jaribio lake halina gharama: injini ikiwa inapanda na kushuka, vuta choki, kilango kinachobana hewa ya kabureta, mpaka nusu. Ikitulia, umeshajua kwamba petroli ni haba, ama kwa jeti iliyoziba, ama kwa hewa ya wizi inayopenya kwenye gasketi kati ya kabureta na injini. Fungua bakuli la kabureta utazame chini yake. Jeti isafishwe kwa dawa ya kabureta na uzi mmoja wa waya laini wa shaba, usitumie sindano ya kushonea: jeti ni laini, na tundu likipanuka hata kidogo umepata ugonjwa mwingine.

Halafu kuna petroli iliyoharibika kabla haijafika kwako. Kuchanganya mafuta ya taa kwenye petroli kulizoeleka Kenya kwa sababu ya tofauti ya bei, mpaka mwaka 2018 serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuikata biashara hiyo. Ukiwa na shaka, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe safi na ulipulize. Petroli safi inakauka bila kuacha doa la mafuta. Ikibaki alama inayoteleza kidoleni, kuna kitu kimeongezwa.

Na maji. Mtungi wa lita 20 uliokuwa wa mafuta ya kupikia, ukasuuzwa, ukabebwa sheli kabla haujakauka, huo ndio mlango mkuu wa maji kwenye mowa za shule. Upande wa ziwani, tangi lililobaki nusu tupu nalo hutoa jasho ndani usiku. Mimina kidogo kwenye chupa ya kioo uiache itulie: maji yatakaa chini, na mstari wa kuyatenga utauona.

Anayejifunza kwa video za Marekani atasikia mchawi ni ethanoli, maana petroli nyingi ya kule ina ethanoli ya hadi asilimia 10. Kenya nayo iliwahi kuchanganya, miaka ya 1980, kwa spiriti iliyotolewa kwenye molasi ya miwa kule Muhoroni. Lakini anayetafuta mshukiwa wa kwanza kwenye mashine ya Nakuru au Kisumu leo aangalie umri wa petroli na usafi wa mtungi kabla ya kitu kingine.

"Huku juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo iongezwe petroli"

Ni kinyume kabisa, na ni kosa linalofanywa na mafundi wazuri. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru kama mita 1,850, Eldoret kama 2,100. Injini isiyo na tabo, pampu ya kuisukumia hewa, hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa sababu kila pumzi inabeba oksijeni kidogo. Kabureta haijui hilo. Inaendelea kutoa petroli karibu ileile, kwa hiyo mchanganyiko tayari umezidi petroli kabla hujagusa chochote. Ukipanua jeti unaongeza chumvi kwenye mchuzi uliokwisha kuharibika: moshi mweusi, plagi yenye masizi makavu, injini inayobanwa na kukohoa ikipewa mzigo.

Briggs & Stratton, watengenezaji wa injini wa Marekani, katika vitabu vya injini zao zenye kabureta, hutaka marekebisho ya mwinuko kwa mashine inayofanya kazi juu ya mita 1,524. Nakuru na Eldoret zimo, Kisumu haimo. Marekebisho yenyewe huwa jeti yenye tundu dogo zaidi. Kwa hiyo mowa iliyokuwa ikikata vizuri Kisumu, ikahamishiwa tawi la Nakuru ikaanza kuvuta moshi mweusi, haijaharibikia njiani. Na iliyotiwa jeti ya milimani ikishushwa Mombasa itakosa petroli na kupata moto kupita kiasi, basi weka ile jeti ya zamani mahali utakapoiona.

Nguvu iliyopotea kwa mwinuko hairudi kwa jeti yoyote. Kata kwa mwendo wa polepole, au inua visu upite mara mbili.

"Ikifanya kazi dakika 20 ikazima, ni joto"

Huenda. Lakini kabla ya kuiacha chini ya mti ipoe, legeza kifuniko cha tangi. Kifuniko kina tundu dogo la kupitishia hewa, na likizibwa na vumbi na nyasi, petroli inatoka lakini hewa haiingii. Tangi linajivuta, mtiririko unapungua, injini inaanza kukohoa na kuzima. Ukiiacha nusu saa, hewa inapenya polepole, inawaka tena, na kila mtu anakubali kwamba kweli lilikuwa joto. Ukisikia "fsss" unapolegeza kifuniko, umeokoa bei ya kabureta.

Joto la kweli lipo pia, nalo hutokana na nyasi. Injini hizi nyingi hupozwa kwa hewa, na vipande vya nyasi hujishindilia chini ya bati la feni, kati ya mapezi ya silinda. Kwa juu huoni kitu. Lazima bati litolewe, nyasi zichokolewe kwa kijiti. Kupiga maji ya presha kunazishindilia ndani zaidi, na hulowesha koili, kifaa kinachotoa umeme wa cheche.

"Plagi ni nyeusi, nunua nyingine"

Plagi mpya itafanya kazi mpaka nayo iwe nyeusi. Masizi makavu yanasema petroli imezidi au filta ya hewa imeziba. Weusi wa mafuta unasema oili inapanda, na mara nyingi ni kwa sababu mtu alijaza oili kupita alama akidhani anaifanyia injini wema. Plagi ni mjumbe tu. Nafasi ya kuruka cheche kwenye injini nyingi za aina hii ni milimita 0.76, ipimwe hata kwenye plagi iliyotoka dukani sasa hivi.

"Toa filta ipumue"

Itapumua vumbi. Udongo wa Nakuru ni wa volkano, vumbi lake ni laini kuliko unga na linasaga silinda. Filta ya karatasi ikiziba hununuliwa nyingine: haioshwi kwa petroli wala haipigwi upepo wa kompresa, kwa kuwa karatasi inatoboka matundu usiyoyaona. Ya sponji huoshwa kwa sabuni na maji, ikakaushwa, na kama kitabu cha injini kinataka, ikatiwa oili kidogo na kukamuliwa.

"Silinda mbili, ikikataa moja ingezima"

Haizimi. Mashine kubwa za kukalia nyingi zina silinda mbili, na moja ikikataa, injini inaendelea kuwaka kwa nyingine, dhaifu, inatetemeka, inakula petroli. Ndiyo maana ugonjwa huu hukaa msimu mzima ukiitwa uzee. Iache iwake dakika mbili, kisha nyunyiza tone la maji kwenye kila bomba la moshi karibu na silinda. Bomba lisilochemsha maji ni la silinda isiyowaka.

Hapo wengi huuziwa koili. Kwanza chomoa ile waya nyembamba ya kuzimia inayounganisha koili zote mbili. Kwenye injini nyingi waya hiyo ina dayodi, kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, na dayodi ikifa, koili moja huzimwa na nyingine. Kama silinda zote mbili zitaamka waya ikiwa imechomolewa, koili ni nzima na tatizo ni waya. Angalizo: katika hali hiyo ufunguo hauwezi kukata cheche, kwa hiyo weka visu mbali na ujiandae kuizima kwa choki.

"Inakatakata kwenye matuta, hiyo ni kabureta"

Chini ya kiti kuna swichi inayozima injini dereva akiinuka huku visu vinazunguka. Waya yake ikilegea, au dereva akiwa mwepesi, kila tuta linakata cheche kwa nukta moja. Kaza waya au badilisha swichi. Kuiunganisha moja kwa moja ili isisumbue, jinsi inavyofanywa kila mahali, maana yake ni kwamba mtu akianguka visu havitasimama.

"Gavana inaibana, ifunguliwe" na ndugu yake "Iendeshe polepole usiichoshe"

Injini nyingi hizi zimewekewa mwisho wa mizunguko 3,600 kwa dakika, nyingine chini ya hapo. Nyingi zina mkono wa pistoni wa aluminiamu. Ukivuta springi ya gavana kuzidisha kasi, mkono huo huvunjika na kutoboa bati la injini, na hakuna cha kutengeneza tena. Visu navyo vina kikomo: kanuni za usalama za Marekani hazitaki ncha ya kisu ipite takriban mita 96 kwa sekunde.

Kuishusha mpaka nusu nako si huruma. Feni ya kuipoza imefungwa kwenye injini yenyewe, hivyo ukipunguza kasi umepunguza upepo, visu vinararua nyasi badala ya kukata, na injini inabanwa huku ikipata moto. Ukikata, kasi iwe juu. Mwendo wa magurudumu ndio wa kupunguzwa.

"Stata inakwama, betri imekufa"

Kama betri inapimwa nzima na injini inazunguka nusu kisha inagoma ikifika kwenye mgandamizo, angalia nafasi za valvu, yaani upenyo mdogo kati ya valvu na mkono unaoisukuma. Zikipanuka, kile kifaa cha kupunguza mgandamizo wakati wa kuwasha hakifungui valvu, na stata inapambana na ukuta. Nafasi huwa kwenye milimita 0.1 hivi, ya kutolea moshi ikizidi kidogo. Tumia kipimo cha kitabu cha injini yako, injini ikiwa baridi. Ni kazi ya saa moja, na ni nafuu kuliko betri.

Agiza gasketi ya kifuniko cha valvu kabla ya kufungua, maana ya zamani hukatika. Na ukienda dukani usiulize spea kwa rangi au jina la mashine. Mowa ya John Deere au ya Husqvarna inaweza kuwa na injini ya Briggs & Stratton, ya Kawasaki au ya Kohler. Piga picha namba zilizogongwa kwenye bati la injini, modeli na aina zote mbili, uende nazo.