"Sorry" si kuomba radhi tu: dhana potofu kuhusu neno la Kiingereza tunalolitumia kila siku

Mwanafunzi akijikwaa mlangoni mwa darasa, Nairobi au Dodoma, wenzake humwambia "sorry", na wapo walimu wanaowakemea papo hapo kwamba hiyo ni tafsiri mbovu ya "pole", kwa kuwa Mwingereza hasemi "sorry" ila akiwa amekosa. Dhana hiyo imeenea, na imewafanya watu waone haya kwa neno walilolitumia kwa maana yake ya asili kabisa.

Ukweli ni kwamba "sorry" lilikuwa neno la uchungu kabla ya kuwa neno la kuomba radhi. Katika Kiingereza cha kale lilimaanisha mtu mwenye maumivu au majonzi, nalo lina shina moja na "sore", neno linaloeleza kidonda au kiungo kinachouma. Wengi, wakiwemo Waingereza wenyewe, hudhani limetokana na "sorrow", yaani huzuni, ilhali maneno hayo mawili yana asili tofauti, na ni kufanana kwa sauti na maana tu kulikoyasogeza karibu kadiri karne zilivyopita. Ndiyo maana anayemwambia mfiwa "I am sorry for your loss" hakiri kosa lolote. Anasema msiba ule umemuuma naye.

Kinachotofautiana ni desturi. Ukimwambia mtu wa London aliyejikwaa "sorry" peke yake, huenda akakujibu kwamba si kosa lako, kwa sababu kwao neno hilo likisimama pekee huchukuliwa aghalabu kuwa ombi la radhi, au, likitamkwa kwa kupandisha sauti, ombi la kurudiwa kwa maneno yasiyosikika. Kwa maoni yangu mwanafunzi hastahili kukemewa kwa hilo. Aelezwe tofauti, kisha afundishwe kuongeza maneno machache, kama vile "I'm sorry you got hurt", ambayo hayana utata popote.

Dhana nyingine ni kwamba kutamka "sorry" baada ya ajali ni kujitia kitanzi mahakamani. Hilo hutegemea sheria ya mahali. Mwaka 2006 jimbo la British Columbia nchini Kanada lilitunga sheria inayosema kwamba kuomba radhi, hata kwa neno hilo hilo, si kukiri kosa wala dhima, na mwaka huo huo Uingereza na Wales zilipata kifungu kinachosema kwamba radhi peke yake haihesabiwi kuwa kukiri uzembe.

Mfano mzito zaidi ni wa tarehe 1 Aprili 2001, ndege ya kijasusi ya Marekani ilipogongana na ndege ya kivita ya China karibu na kisiwa cha Hainan. Rubani Mchina, Wang Wei, alipotea, na Wamarekani 24 wakazuiliwa kisiwani. China ilidai iombwe radhi. Siku kumi baadaye balozi wa Marekani alikabidhi barua iliyotumia "very sorry" mara mbili: kwa familia ya rubani na watu wa China kwa msiba uliowapata, na kwa ndege kuingia katika anga la China na kutua bila kibali cha mdomo. China iliwatangazia wananchi wake kwamba imeombwa radhi, huku Washington ikishikilia kwamba haikuomba radhi bali ilionyesha masikitiko tu. Wanajeshi waliachiliwa, na kila upande ukabaki na maana yake.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba "sorry" ni neno jepesi lisiloweza kubeba toba. Mwaka 1999 Bunge la Australia, chini ya Waziri Mkuu John Howard, lilipitisha azimio la kujuta kwa dhati dhuluma walizotendewa wenyeji wa asili, lakini azimio hilo liliepuka neno "sorry", na wengi wa waliodhulumiwa hawakuridhika. Walilisubiri neno lenyewe hadi tarehe 13 Februari 2008, Waziri Mkuu Kevin Rudd alipolitamka bungeni kwa ajili ya watoto walioondolewa kwa nguvu mikononi mwa wazazi wao.