S100 chanya haimaanishi una saratani

Juzi tena. Mama mmoja kanipigia simu, karatasi ya majibu mkononi, sauti inatetemeka: "Daktari, wameandika S100 chanya, Melan-A chanya. Nimebakiwa na muda gani?" Alikuwa na kidoti cha kawaida kabisa begani. Mstari wa mwisho wa ripoti ulisema hivyo hivyo, lakini nani hufika mstari wa mwisho akishaona neno "chanya"?

"Alama ikiwa chanya, ni saratani." Hii ndiyo inayonichosha. S100 na Melan-A ni protini za ndani ya seli, ambazo maabara huzipaka rangi kwenye kipande cha ngozi ili kuzitambua seli hizo. Ni kama sare ya shule: inaonyesha mtoto anasoma wapi, haisemi kama ni mtukutu. Melan-A inasema tu kwamba seli ni za ukoo wa melanosaiti, zile zinazotengeneza rangi ya ngozi. Kidoti kisicho na madhara kimejaa melanosaiti, na melanoma, yaani saratani ya seli hizo, vilevile, kwa hiyo zote mbili zitakuwa chanya. S100 ndiyo kabisa. Iligunduliwa mwaka 1965 kwenye ubongo, ikapewa jina hilo kwa kuwa huyeyuka katika amonia salfeti iliyokolea kwa asilimia 100. Hata vivimbe vya mishipa ya fahamu visivyo na ubaya huwa nayo.

Ninachotazama mimi chini ya darubini ni mpangilio wa rangi. Nikipaka HMB-45, rangi ya alama nyingine ya melanosaiti, kwenye kidoti cha kawaida, rangi hukolea karibu na uso wa ngozi, kisha hufifia kadiri ninavyoshuka. Kwenye melanoma mara nyingi imetapakaa ovyo, hadi chini kabisa. Hapo naongeza Ki-67, inayoonyesha seli zilizo katika harakati za kugawanyika. Nikizikuta nyingi kule chini, najiweka sawa kitini. PRAME, alama nyingine, nayo huwaka kwenye viini vya seli za melanoma nyingi na kunyamaza kwenye vidoti vingi. Nimesema nyingi, sikusema zote. Halafu kuna kidoti cha bluu, uvimbe usio na ubaya, ambacho hukolea HMB-45 juu mpaka chini na kumtisha bure asiye mzoefu.

"Ikiwa hasi, niko salama." Kosa lile lile, limegeuzwa tu. Melanoma ya desmoplastiki, aina adimu inayofanana na kovu, kwa kawaida ni hasi kwa HMB-45 na Melan-A. Zinazoiumbua ni S100 na alama nyingine iitwayo SOX10.

"Nipimeni damu, inatosha." Hakuna kipimo cha damu kinachotenganisha kidoti na melanoma. LDH, kimeng'enya kinachopimwa kwenye damu, humhusu mgonjwa ambaye melanoma yake imeshajulikana na kusambaa.

"Kukikata kidoti kutasambaza saratani." Hapana. Ninachokiogopa mimi ni kidoti kuunguzwa bila kipande chochote kufika maabara, kisha siku moja tezi za kwapa zinavimba na hatuna cha kurudia kukitazama.

Kidoti kinachotiliwa shaka kikatwe chote, pamoja na ukingo mdogo wa ngozi nzima, kitumbukizwe kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi, si maji ya chumvi. Fomu ionyeshe umri, mahali kilipotoka, na kimeanza kubadilika lini. Kidoti cha unyayoni kinaweza kuonekana cha ajabu chini ya darubini na kisiwe na ubaya wowote, na nisipojua kimetoka unyayoni naweza kumpa mtu jina la ugonjwa asio nao. Ukiniletea fomu iliyoandikwa "uvimbe wa ngozi" basi, nitakupigia simu, na sitakuwa mpole.