Kutoka Mipera hadi Mizabibu: Anzeni na Mizizi Iliyobaki Ardhini

Familia nyingi za Dodoma zinazokuja kwetu kuulizia kiwanda kidogo cha mvinyo huanza na bei ya mashine. Mimi huwauliza kwanza: mnapotaka kupanda zabibu palikuwa na nini? Wakijibu miembe, mipera au mipapai, tunaacha mashine na kuzungumzia udongo.

Mti ukikatwa, mizizi yake huendelea kuoza ardhini kwa miaka. Mchwa huifuata, kisha huhamia kwenye nguzo na miche michanga. Mipera na mipapai huweza pia kuacha minyoo fundo, wadudu wasioonekana kwa macho, ambao huvimbisha mizizi ya zao linalofuata likadumaa. Kwa hiyo ng'oeni visiki na mizizi yake. Pandeni mtama msimu mmoja au miwili, wekeni samadi iliyooza vizuri, na udongo upimwe. Makutupora kuna kituo cha utafiti wa zabibu, ulizeni hapo. Najua kungoja kunauma, hasa kwa aliyekwisha kukopa, lakini mzabibu hudumu miaka mingi na kosa la udongoni halirekebishiki kirahisi mzabibu ukishashika.

Shamba likiwa limepumzika, nunueni zabibu kwa jirani mjifunze kutengeneza mvinyo. Kilo 100 zinatosha. Hutoa lita 60 hadi 70 hivi za mchuzi, yaani maji ya zabibu zilizopondwa. Chagueni zabibu za Agosti na Septemba, kwa kuwa zile za Februari na Machi hukutana na mvua na ubwiri, ugonjwa wa ukungu. Haidromita ni kifaa cha bei nafuu cha kupimia sukari ya mchuzi, msikikose: kila gramu 17 za sukari katika lita moja hutoa takriban asilimia 1 ya kilevi, hivyo gramu 200 hukupa karibu asilimia 12. Pondeni alfajiri. Joto la mchuzi likipita nyuzi 35, hamira inaweza kufa sukari ikiwa bado imebaki.

Na tafadhali, msifungie mapipa yanayochacha katika chumba kisicho na hewa. Gesi inayotoka ni nzito, hutuama chini, na humuua mtu kabla hajajua kinachoendelea. Milango iwe wazi, watoto wasilale humo.

Shamba likiwa la urithi, ndugu wote waandikishane hisa kabla mti wa kwanza haujang'olewa. Mvinyo huo wa majaribio nao msiuuze: sokoni hutakiwa leseni, alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango) na stempu ya kodi ya TRA (Mamlaka ya Mapato) kwenye kila chupa.