Bigo bya Mugenyi: kwani lazima iwe ngome?

Nikisema nafanya akiolojia Uganda naulizwa Wachwezi, wale watawala wa kale ambao masimulizi yanasema ndo waliochimba Bigo, eti walikuwa watu kweli au mizimu? Hilo nawaachia wazee, mi nataka tuongelee mitaro ya Bigo bya Mugenyi, eneo la kale lililozungushiwa mitaro.

Bigo iko Sembabule, kusini mwa mto Katonga, na ukijumlisha mitaro yake yote inapita kilomita 10, kuna sehemu imeshuka kama mita 4 na pengine wamekata mpaka mwamba, zana za mkono tu hizo, na udongo uliotoka wakaumwaga pembeni ukawa tuta. Watu wakiona hivyo wanasema ngome. Haya, kilomita 10 unazilinda na askari wangapi? Na ule mtaro wa nje una mapengo kibao, adui anapita tu. Ndo maana wengi wetu tunawaza ng'ombe kwanza, maana malisho yapo, maji ya Katonga yapo pale chini, ukishaswaga mifugo ndani haitawanyiki ovyo, na mifupa ya ng'ombe imechimbuliwa humo kweli. Ila mitaro ya ndani, kule juu kilimani, ni kesi tofauti. Mwanaakiolojia Merrick Posnansky alichimba mwaka 1960 akaona yalikuwa makao ya mtawala, akafananisha na ikulu za wafalme wa Nkore, ufalme wa zamani wa kusini-magharibi mwa Uganda, na hapo sina ubishi naye.

Umri wake sasa. Tunasema karne ya 14 hadi ya 16 hivi, kwa kupima kaboni ya mkaa, ile inayopungua kadri miaka inavyopita. Lakini mtaro ni shimo jamani, shimo halipimwi, unapima kilichoangukia ndani, kwahiyo mkaa uliokutwa kwenye tope la chini kabisa, lile lililoingia na mvua za mwanzo, ndo unakaribia siku za uchimbaji, wa juu huko unaweza kuwa wa mchungaji aliyechoma mahindi mwaka jana. Sasa mtu akija na wazo la kuzibua mitaro ipendeze kwa watalii naona kizunguzungu, tope analotaka kutupa ndo kalenda yenyewe! Eneo linalindwa kisheria, hata mimi siweki jembe bila kibali.

Ukienda pitia na Ntusi, sio mbali. Kuna vilima viwili vikubwa, kimoja wanakiita dume kingine jike, vyote vimejaa mifupa na vigae vya vyungu, yaani taka za majumbani za miaka mingi, na watu walishakaa pale kabla Bigo haijachimbwa.